Dubu weusi na mahekalu ya milimani Japani: mwongozo kamili kwa anayekwenda kutembea, kulala au kukimbia huko

Nyuma ya hekalu la kijijini ninakokwenda kusaidia kufagia majani kila mwaka, kando kabisa ya makaburi, kuna mti wa kaki. Kaki ni tunda la rangi ya chungwa, tamu sana likiiva, na ikifika Novemba mti hubaki na matunda matupu, majani yameshapukutika. Asubuhi moja tuliukuta matawi ya juu yamevunjika. Kwenye gome kulikuwa na mikwaruzo mitano mitano, kuanzia usawa wa kiuno changu hadi juu nisikofikia. Nilipitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja, mti ulikuwa bado mbichi ndani, una majimaji. Mtawa mkuu wa hekalu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliutazama kwa muda kisha akasema, “Kula amekula, si neno. Shida ni kwamba sasa ameijua njia.”

Mengi nitakayoandika hapa yanatokana na kauli hiyo ya mzee. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Japani au wanaopanga kwenda: wanafunzi waliokuja kusoma, wakiwemo wa mpango wa ABE Initiative unaoleta vijana wa Afrika tangu 2014, wanariadha kutoka Kenya, wafanyakazi, na watalii wanaotaka kuona mahekalu ya kale ya milimani. Nimekulia pembezoni mwa Mikumi. Mtoto wa huko hujua mapema namna ya kuishi na tembo, nyati na nyani, na ujuzi huo ni mali. Lakini kuna sehemu yake ambayo ukiitumia kwa dubu itakuumiza, na nitakuwa naionyesha kila tukifika hapo.

Kwanza mjue ni nani

Kwetu hakuna dubu. Japani wapo wa aina mbili. Kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido kina dubu wa kahawia, mkubwa na mwenye nguvu kupita kiasi. Kisiwa kikuu cha Honshu, ambako mahekalu mengi mashuhuri yapo, kina dubu mweusi wa Asia. Wajapani humwita tsukinowaguma, yaani dubu mwenye duara la mwezi, kwa sababu ya alama nyeupe ya mwezi mwandamo aliyonayo kifuani. Shikoku wamebaki wachache sana, Kyushu walitangazwa kuwa wametoweka mwaka 2012, na Okinawa hawapo.

Dubu huyu si jitu. Dume mzima huwa na kilo 60 hadi 120 hivi, jike ni mdogo zaidi. Ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni mbwa mnene. Usidanganyike na umbo hilo. Hukimbia karibu kilomita 40 kwa saa, huogelea, hupanda mti kwa kasi utakayoshangaa, na pua yake hunusa chakula kutoka mbali mno. Kucha zake zimepinda kama ndoana.

Chakula chake kikubwa ni mimea. Majira ya kuchipua hula machipukizi, mwezi Juni hufuata machipukizi ya mianzi, kiangazi hula matunda madogo, sisimizi na nyuki. Vuli, yaani Septemba hadi Novemba, hula mbegu za mti uitwao buna na kokwa za mialoni usiku na mchana ili ajaze mafuta ya kulalia majira ya baridi. Miti ya buna haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka ukiwa mbaya, dubu hushuka. Na anaposhuka siku hizi anakuta vijiji vimebaki na wazee, mashamba yamegeuka vichaka, na matunda yamejaa mtini bila mtu wa kuyachuma. Mpaka kati ya msitu na makazi umefutika.

Matokeo yake yanaonekana kwenye takwimu za serikali. Mwaka wa fedha wa 2023 watu 219 walishambuliwa nchi nzima na 6 wakafariki. Mwaka 2025 vifo vilikuwa vimefika 13 kabla hata mwaka haujaisha, idadi ambayo haijawahi kuonekana tangu hesabu zianze kuwekwa. Septemba 2025 ilianza kutumika sheria inayoziruhusu manispaa kuamuru dubu apigwe risasi hata akiwa katikati ya makazi, na Novemba mwaka huohuo wanajeshi walipelekwa mkoa wa Akita kusaidia kubeba na kutega mitego.

Siandiki haya ili ughairi safari. Mamilioni ya watu hupanda ngazi za mahekalu haya kila mwaka bila kumwona dubu hata mmoja. Ninachotaka ni uende ukiwa unajua.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoka

Mahekalu ambayo wageni huyapenda zaidi kaskazini mwa Honshu yote yamo kwenye mikoa yenye dubu. Chuson-ji iko Hiraizumi, mkoa wa Iwate, na jumba lake la dhahabu lilikamilika mwaka 1124. Yamadera, mkoa wa Yamagata, ina ngazi zaidi ya 1,000 zinazopita msituni. Mlima Haguro, mkoa huohuo, una ngazi 2,446 kati ya mierezi mirefu iliyozeeka karne na karne. Uzuri wa mahali hapo ni msitu wenyewe, na msitu una wenyeji.

Usiku wa kuamkia safari fanya mambo mawili. Ingia kwenye tovuti ya manispaa au mkoa uone taarifa za dubu walioonekana karibuni. Akita wana ramani ya mtandaoni iitwayo Kumadas, kila aliyeonekana huwekwa alama mahali na saa. Kisha, ukifika, muulize mtu: karani wa kituo cha treni, mhudumu wa ofisi ya utalii, au bibi anayeuza chai chini ya ngazi. Mimi naamini zaidi bibi wa chai. Yeye anajua kwamba juzi alfajiri kuna aliyepita nyuma ya choo, na habari hiyo haijafika mtandaoni.

Hapa inabidi niseme jambo la lugha, kwa heshima zote. Neno la Kijapani la dubu hutamkwa sawasawa na neno ambalo kwetu ni tusi la nguoni. Lizoee mapema, na uwaeleze watoto na wazazi unaosafiri nao ili lisiwashtue, maana ndilo utakaloliona na kulisikia kila mahali. Ni lile lililo mwishoni mwa jina tsukinowaguma, ila likisimama peke yake g huwa k. Huandikwa クマ au 熊. Bango la njano lenye picha ya dubu na maandishi 熊出没注意 maana yake ni “tahadhari, dubu huonekana hapa”. Vijiji vingi vina vipaza sauti juu ya nguzo ambavyo hutangaza hatari za mafuriko, matetemeko na dubu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: ukisikia tangazo na neno hilo limo ndani, simama, mtafute mwenyeji, muulize ni wapi.

Njia ikifungwa kwa kamba, imefungwa. Usiiruke hata kama umetoka Nairobi kuja kuliona hekalu hilo tu.

Hatua ya 2: Chagua saa, na usiende peke yako

Dubu hutembea zaidi alfajiri na machweo. Panga kupanda kuanzia saa tatu asubuhi na uwe umeshuka kabla ya saa tisa alasiri wakati wa vuli, kwa kuwa jua huzama mapema na chini ya mierezi giza hutangulia. Siku ya ukungu au mvua kubwa jihadhari maradufu, kwani naye hakuoni wala hakusikii.

Wanaolala kwenye nyumba za wageni za mahekalu wana mtihani wao. Ibada ya asubuhi huanza mapema, mara nyingi kukiwa bado na giza. Usitoke mwenyewe kulitangulia kundi kwenda ukumbini. Subiri wenzako, washa tochi, mwende mkizungumza. Vivyo hivyo usiku, ukitaka kuvuta hewa, ivutie kibarazani.

Hatua ya 3: Sikika

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Dubu mweusi wa Asia kwa kawaida hataki kukutana nawe. Majeruhi wengi wa msituni ni watu waliotokezana naye ghafla, kila mmoja akiwa hana habari ya mwenzake. Akikusikia mapema, yeye ndiye anayeondoka, na wewe unapita bila kujua kama alikuwepo.

Wenyeji huvaa njuga. Ni kengele ndogo ya shaba au chuma unayoining'iniza kwenye begi la mgongoni, inalia kila hatua. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya milimani, na hata kwenye maduka ya zawadi karibu na njia. Chagua yenye kizuizi cha kunyamazisha ulimi wake. Ndani ya treni na ndani ya ukumbi wa ibada unainyamazisha. Ukikanyaga udongo wa msitu tena unaifungua. Kwenye njia ya kale kati ya Magome na Tsumago kumefungwa kengele kubwa njiani, kila mpita njia anaipiga na kuendelea.

Njuga ina mipaka yake. Karibu na maporomoko ya maji au mto wenye kelele haisikiki, na upepo mkali huimeza. Hapo piga makofi mawili matatu kabla ya kila kona, au ongea kwa sauti. Wengine hubeba redio ndogo. Watawa wa milimani wa Haguro, wale wavaao nguo nyeupe, hupuliza baragumu la kombe la bahari wanapopanda, na huelezwa kuwa pamoja na kazi yake ya ibada, sauti hiyo huwapa wanyama taarifa kwamba watu wanakuja. Nilipoisikia mara ya kwanza ikipanda kati ya miti nilikumbuka pembe zinazopulizwa kwenye sherehe za pwani.

Toa vipokea sauti masikioni. Vyote viwili. Ukisikiliza muziki, njuga yako inamwambia dubu ulipo lakini wewe hujui yeye alipo.

Jambo moja zaidi kuhusu kusikika. Mwaka 2016, Mei na Juni, watu 4 waliuawa eneo la Kazuno, Akita, katika muda wa wiki tatu hivi, na walikuwa wameingia vichakani kuchuma machipukizi ya mianzi. Mtu anayechuma huinama, hukaa mahali pamoja, hunyamaza, na majani humziba. Ukiona mboga za mwituni pembeni ya njia ya hekalu, ziache pale.

Hatua ya 4: Beba dawa ya pilipili, na ujue kuitumia

Ni kopo la gesi lenye ukali wa pilipili. Kwa ninavyoona, anayepanda njia isiyo na watu wengi asipande bila hilo. Huruhusiwi kupanda nalo ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini, hivyo linunue au likodi ukishafika.

Liweke kifuani au kiunoni, mahali mkono unapofika kwa mara moja. Ndani ya begi halina kazi. Kabla ya kuanza safari, shika kopo, tafuta kwa kidole kile kipini cha usalama, jizoeze kukiondoa bila kubonyeza. Fanya hivyo mara kumi ukiwa umesimama, kisha mara tano ukiwa umefumba macho. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa chini.

Kopo hufika mita chache tu, tano hadi kumi kutegemea aina na upepo, na huisha kwa sekunde chache. Kwa hiyo usipulize dubu akiwa mbali. Mwache afike kama mita tano, lenga usoni, puliza, rudi nyuma. Upepo ukikujia wewe, jaribu kusogea pembeni kwanza.

Nimewaona watu wakijipulizia nguo kama wanavyojipaka dawa ya mbu. Hapana kabisa. Harufu ya dawa iliyokauka inaweza kumvuta dubu aje kuichunguza.

Hatua ya 5: Soma njia

Tazama juu, si chini tu. Ukiona juu ya mti wa matunda au mwaloni fungu la matawi yaliyovunjwa na kulaliwa, kama kiota kikubwa cha tai kilichotengenezwa ovyo, hapo dubu alikaa akila. Alikuwa akivuta tawi, anakula, analikalia. Majani yakiwa bado mabichi, hana muda mrefu tangu aondoke.

Kinyesi chake huwa rundo kubwa, na vuli hujaa maganda na mbegu za matunda. Wakati wa kaki huwa na rangi ya machungwa. Unyayo wake una vidole vitano na alama za kucha mbele. Mikwaruzo mipya kwenye magome nimeshaieleza. Ukiona chochote kati ya hivyo kikiwa kibichi, geuka urudi ulikotoka, ukipiga makofi taratibu.

Hatua ya 6: Ukimwona

Hapa ndipo malezi yetu ya mbugani yanapotupotosha, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kosa la kwanza ni kukimbia. Hili simba naye ametufundisha, hivyo wengi tunalijua, lakini miguu haiulizi akili. Jiambie mapema: sitampa mgongo.

La pili ni kupanda mti. Kwetu ukifukuzwa na nyati, mti ni wokovu. Dubu huyu ni mpandaji hodari wa miti. Atakufuata, na atafika kabla yako.

La tatu ni kelele na mawe. Nyani shambani humfukuza kwa kupiga makopo na kurusha mawe. Dubu aliye karibu nawe, ukimpigia yowe na kumrushia jiwe, unamwambia kwamba mapambano yameanza. Kelele ni za kabla ya kuonana. Mkishaonana, utulivu.

Sasa umbali. Akiwa mbali, mita 100 au zaidi, na hajakuona, ondoka kimyakimya ulikotoka. Usimwite mwenzako kwa sauti, usitoe simu kupiga picha. Akiwa mbali na amekuona, simama aone kuwa wewe ni mtu, kisha anza kurudi nyuma.

Akiwa karibu, tuseme mita 20 hadi 50, mtazame, rudi kinyumenyume hatua fupi fupi, bila kujikwaa. Weka kitu kati yenu: mti mnene, nguzo ya taa ya mawe, gari. Toa dawa ya pilipili, ondoa kipini. Ukiwa na watoto, wavute nyuma yako; mkiwa kundi, sogeleaneni muonekane kitu kimoja kikubwa. Anaweza kukurukia hatua chache, akasimama, akageuka. Huwa anakutisha tu ili uondoke. Simama imara, acha apite, endelea kurudi.

Ukiona mtoto wa dubu peke yake, hayuko peke yake. Mama yuko karibu, na hakuna dubu wa hatari kuliko huyo. Usimsogelee, usisubiri kumwona tena, ondoka.

Ukiwa ndani ya gari, baki ndani na ufunge vioo. Ukiwa na mbwa, awe kwenye kamba wakati wote; mbwa aliyeachiwa humchokoza dubu kisha hukimbilia kwako akiwa naye nyuma.

Usidhani kwamba hatari huishia msituni. Oktoba 2025 mtalii kutoka Uhispania alijeruhiwa mkono karibu na kituo cha basi huko Shirakawa-go, kijiji cha nyumba za nyasi ambacho kila siku hujaa wageni. Mwezi huohuo dubu aliingia duka kubwa la vyakula Numata, mkoa wa Gunma. Mlango unaofunguka wenyewe humfungulia yeye pia, ndiyo maana sehemu nyingi sasa huzima umeme wa mlango, unausukuma kwa mkono.

Hatua ya 7: Akikufikia mwilini

Soma aya hii mara mbili, tafadhali.

Mtandaoni utakuta ushauri kwamba dubu mweusi apigwe, upigane naye kwa nguvu zako zote. Ushauri huo unahusu dubu mweusi wa Marekani, ambaye ni mnyama mwingine. Wizara ya Mazingira ya Japani inashauri tofauti. Dubu mweusi wa Asia mara nyingi hushambulia kwa kushtuka, hupiga mara chache kisha hukimbia, na mapigo yake huelekea usoni na kichwani. Waliopona wengi wameachwa na majeraha ya macho, pua na taya. Kwa hiyo kazi yako ni kuukinga uso.

Kama dawa imeshindikana au hakuna, anguka kifudifudi mara moja. Uso uguse ardhi. Fumbata mikono nyuma ya shingo, viwiko vibanwe pembeni mwa uso. Tanua miguu kidogo asikugeuze. Usivue begi, litakukinga mgongo. Akikugeuza, endelea kujizungusha hadi urudi kifudifudi. Usiinuke akiondoka. Sikiliza kwanza, hesabu pole pole, kisha inua kichwa kidogo.

Nimeifanya hiyo kwenye mkeka nyumbani, mke wangu akinisukuma ubavuni anigeuze. Mara ya kwanza nilitanguliza mikono mbele kujizuia nisianguke, uso ukabaki wazi. Mara ya nne mwili ulikuwa umeshika. Jaribu na wewe, nyumbani, kabla hujapanda.

Hatua ya 8: Baada yake

Ondoka mahali hapo kwanza, nenda kwenye jengo au gari. Kisha piga simu. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi ni 110. Usione haya kulitamka lile neno la dubu: litamke, ufuatishe “ni osowaremashita”, yaani nimeshambuliwa. Kama umemwona tu, litamke ufuatishe “ga imasu”, yupo. Taja jina la hekalu, hilo ndilo wataelewa haraka kuliko anwani yoyote.

Damu ikandamize kwa kitambaa safi bila kuachia kila dakika kuchungulia. Aliyejeruhiwa usoni asilazwe chali, damu itamziba koo. Akae ameinama mbele. Jicho lililoumia lifunike bila kulibonyeza. Hata kama ni mkwaruzo mdogo, nenda hospitali, kwani kucha za dubu zina uchafu mwingi, na daktari ataamua kuhusu sindano ya pepopunda.

Polisi au manispaa watakuuliza saa, mahali, dubu wangapi, ukubwa wao, na walielekea wapi. Toa taarifa hata kama hukudhurika. Mtoto wa shule atapita njia hiyohiyo jioni.

Kwa wanaokaa hekaluni au kulitunza

Sasa turudi kwa yule mzee na kauli yake. Dubu anayejifunza kwamba hekaluni kuna chakula atarudi, na anayezoea kurudi mwisho wake huwa mtego au risasi. Ukimnyima chakula unamwokoa yeye pia.

Anza makaburini. Wajapani huwapelekea marehemu wao matunda, keki na vinywaji, hasa sikukuu ya Obon katikati ya Agosti na siku saba za Ohigan, Machi na Septemba. Mahekalu mengi sasa huomba familia ziombe, kisha ziondoke na sadaka zao. Ukialikwa kuzuru kaburi, fanya hivyo bila kungoja kuambiwa. Ukimwona mgeni ameacha chungwa juu ya jiwe, mwambie mtunzaji; usiliguse mwenyewe.

Kisha stoo. Pumba za mpunga humvuta dubu kuliko unavyofikiri. Humvuta pia harufu ya petroli, mafuta na rangi. Kopo la petroli ya mashine ya kukatia nyasi lifungiwe ndani. Takataka zitolewe asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku. Maganda ya matunda yasirundikwe bustanini. Matunda ya miti yachumwe yote, hata yale ambayo hamtayala. Shina linaweza kuvishwa bati laini asipate pa kushika. Sisi tulichuma, tukavisha bati, na mwaka uliofuata wazee wakaamua mti ukatwe. Mjane mmoja ambaye marehemu mumewe ndiye aliyeupanda alikuja siku hiyo, akaugusa, akaondoka na tawi moja.

Fyeka vichaka vinavyounganisha msitu na uwanja, hasa kandokando ya mifereji na mito, maana hizo ndizo barabara zake. Anapenda kutembea amefichwa. Uwanja mweupe humsitisha.

Wenzetu wa Taita na Tsavo hufunga mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, na tembo huogopa. Hapa mzinga ni mwaliko. Kama hekalu linafuga nyuki, mizinga izungushiwe uzio wa umeme: nyaya tatu au zaidi, ya kwanza sentimita 20 kutoka ardhini, nyingine 40 na 60, kwani dubu huanza kwa kuchimba na kupenya chini. Nyasi chini ya waya zikatwe kila mara, zikigusa waya umeme hupotelea ardhini. Na uwe umewashwa usiku na mchana; akiugusa mara ya kwanza ukiwa umezimwa, ameshajua kwamba si kitu.

Kwa wakimbiaji

Wakenya wamekimbia kaskazini mwa Honshu kwa miaka mingi. Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 2008, alilelewa kimichezo katika sekondari ya Sendai Ikuei, Sendai. Najua mazoezi ya alfajiri kwenye barabara ya msituni yenye mwinuko ni damu ya mchezo huu. Lakini mkimbiaji huja kwa kasi, kimya, saa ambayo dubu yuko nje, na kwenye kona humtokea kabla hajapata nafasi ya kuondoka.

Vuli, hamishia mazoezi ya alfajiri uwanjani au kwenye barabara za wazi za mashamba ya mpunga, na milima ikimbilie mchana mkiwa wawili au zaidi. Funga njuga kwenye mkanda wa kiuno, kopo la pilipili liwe upande wa mkono unaoutumia. Mwambie kocha au mwenzako wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Ukimwona, usigeuke ukakimbia, hata kama una kasi kiasi gani: punguza mwendo hadi kutembea, simama, kisha rudi kinyumenyume kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 6.